Entropia na Mwanzo wa Ulimwengu: Kwa Nini Jana Si Sawa na Kesho

Mada kwa semina ya walimu wa fizikia wa shule za sekondari



1. Utangulizi

Sheria ya pili ya themodinamiki tunaifundisha kwa sentensi moja: entropia ya mfumo uliojitenga haipungui. Mwanafunzi huinakili, huikariri, na mtihani ukipita huisahau. Mada hii inadai kwamba sentensi hiyo ni nusu ya somo. Nusu ya pili inahusu jinsi ulimwengu ulivyoanza.

2. Hesabu ya Boltzmann na pingamizi lake

Mwaka 1877 Ludwig Boltzmann aliipa entropia maana ya kuhesabika: ni kipimo cha idadi ya namna ambazo chembe zinaweza kujipanga bila hali tunayoiona kubadilika. Moshi wa udi hutawanyika sebuleni kwa kuwa mipangilio ya chembe zake kuenea chumba kizima ni mingi kupindukia, na ile ya kubaki juu ya chetezo ni michache. Wingi huo peke yake unatosha.

Hata hivyo, Josef Loschmidt alikwisha kutoa pingamizi mwaka 1876. Kanuni za mwendo hazibagui mbele na nyuma. Hesabu ileile inayosema entropia itakuwa kubwa kesho inasema pia kwamba ilikuwa kubwa jana, jambo ambalo visukuku, magofu na kumbukumbu zetu vinalikanusha. Ili kujinasua, lazima tuongeze sharti: ulimwengu ulianza na entropia ndogo mno. Mwanafalsafa David Albert analiita sharti hili nadharia-tete ya wakati uliopita.

3. Usawa uliokuwa adimu

Mionzi ya masalia, yaani mwanga uliobaki kutoka ulimwengu mchanga, iliyogunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson huko New Jersey, Marekani, ilianza safari yake miaka 380,000 hivi baada ya mlipuko mkubwa. Leo ina joto la kelvini 2.7, na tofauti kati ya pande za anga ni kama sehemu 1 katika 100,000. Vitabu vyetu vinasema gesi yenye joto sawa kila mahali imekwisha kufikia entropia ya juu kabisa. Basi udogo wa entropia ulikuwa wapi?

Mwaka 1979 Roger Penrose alieleza kwamba ulikuwa kwenye mvutano. Gesi kidogo ndani ya chupa huishia kuenea sawasawa. Maada nyingi inayovutana hufanya kinyume: hujikusanya ikawa galaksi, nyota, na hatimaye mashimo meusi, huku ikitoa joto na mwanga unaoongeza entropia ya jumla. Kwa upande wa mvutano, kuenea sawasawa kwa maada ndiko kulikokuwa hali adimu.

4. Ushahidi wa mashimo meusi

Mashimo meusi si nadharia tu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi, Kenya. Vipimo vyake vya eksirei kutoka Cygnus X-1 vilisaidia kukitambua kitu hicho cha angani kuwa shimo jeusi. Miaka michache baadaye Jacob Bekenstein na Stephen Hawking walionyesha kwamba entropia ya shimo jeusi huwiana na eneo la uso wake.

Kwa kipimo cha konstanti ya Boltzmann, entropia ya Jua ni takriban 1 yenye sifuri 58. Shimo jeusi lenye tungamo sawa na la Jua lina sifuri 77. Penrose alikadiria kwamba maada yote ya ulimwengu tunaoweza kuuona, ikiwa shimo jeusi moja, ingefikisha sifuri 123. Ulimwengu ungeweza kuanza hivyo, lakini haukuanza hivyo.

5. Majibu yaliyotolewa

Kwa nini basi ulimwengu ulianza na entropia ndogo hivyo? Alan Guth alipendekeza mwaka 1981 kwamba ulimwengu mchanga ulitanuka ghafla ukajinyoosha. Penrose anajibu kwamba mtanuko huo nao unahitaji mwanzo adimu zaidi. James Hartle na Hawking, mwaka 1983, walipendekeza ulimwengu usio na mpaka wa mwanzo. Wengine wanaona sharti la entropia ndogo mwanzoni lichukuliwe kama sheria ya maumbile. Kwa maoni yangu, hoja ya Penrose haijajibiwa: maelezo yanayoanza na hali adimu nyingine yamelihamisha swali tu.

6. Mapendekezo

(a) Sheria ya pili ifundishwe pamoja na sharti la mwanzo.

(b) Tuache kusema kwamba Jua linatupa nishati tu. Dunia hurudisha angani karibu nishati yote inayopokea; kwa kila fotoni moja ya Jua hutoka takriban 20 hafifu. Mahindi shambani yanaishi kwa tofauti hiyo ya entropia.

(c) Mwanafunzi aambiwe wazi kwamba swali la mwanzo bado halijafungwa, na kwamba naye anaweza kulifanyia kazi.

Naomba wajumbe tuyajadili mapendekezo haya na kuyapeleka madarasani.