Tende Haziteremshi Mvua



Nina swali kabla sijaanza. Ati majarini huvunja ndoa? Msicheke. Mwaka 2014 kijana wa Kimarekani, Tyler Vigen, aliyekuwa akisomea sheria Harvard, alilinganisha hesabu mbili za kuanzia 2000 hadi 2009: majarini waliyokula Wamarekani (sisi twaiita Blue Band hata ikiwa ya kampuni nyingine) na talaka katika jimbo la Maine. Majarini ilishuka kutoka ratili 8.2 kwa mtu kwa mwaka mpaka 3.7. Talaka nazo zikashuka kutoka 5 mpaka 4.1 kwa kila watu 1,000. Kipimo cha kufuatana kwake kilifika 0.99, na 1 ndio mwisho. Haya, nani ataficha mkebe leo?

Vigen alikuwa akifanya mzaha. Ukiipa kompyuta maelfu ya hesabu izilinganishe, hazikosi mbili zitakazotembea sambamba bila kujuana, hasa ukihesabu miaka 10 tu.

Mara nyingine kuna kitu cha tatu kinachovuta vyote viwili. Mwaka 2012 daktari Franz Messerli aliandika katika New England Journal of Medicine kuwa nchi zinazokula chokoleti nyingi zina washindi wengi wa Nobel, Uswisi ikiwa mbele. Lakini nchi tajiri hununua chokoleti, na hujenga maabara pia.

Kwetu Ramadhani tende hununuliwa kwa wingi, na kanzu vilevile. Hakuna asemaye tende zaleta kanzu. Ila mwezi ukiangukia masika, mtu aweza kudai tende zateremsha mvua! Huyo mngojeeni tu. Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, na siku moja tende zitaliwa kaskazi, jua kali.

Shangazi yangu hakungoja. Aliletewa ujumbe kwa simu: kuna nchi wanakunywa siki kila asubuhi, na kisukari huko ni kichache. Akaacha vidonge wiki mbili. Usiku mmoja baada ya futari tukamkimbiza hospitali, hajitambui. Alhamdulillahi, alirudi nyumbani. Nilipomsimulia ya majarini alicheka, kisha akanyamaza.

"Na hao wa siki, walihesabiwa miaka mingapi, mwanangu?"

Nikamwambia ujumbe haukusema. Akaitisha maji, akameza kidonge chake.