Tela Linaloyumba Barabarani Huanzia Ghalani

(Mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Mawasiliano wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata, mbele ya ghala la mazao, kuelekea msimu wa mavuno.)



Kazi niliyosomea ni habari, si ufundi wa magari. Sehemu ya haya nitakayoyasema nimefundishwa na mafundi wa karakana. Sehemu nyingine nimefundishwa na machungu. Naomba niruhusiwe kuanza na machungu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, familia yetu ilikodi pikapu yenye tela la magurudumu mawili ili kuhamisha vyombo vya nyumba na magunia ya mahindi. Tulibeba pia mifuko 6 ya saruji ya kushushwa njiani kwa mjomba. Aliyepanga mzigo ule ni mimi. Niliwaza kwamba kitakachoshushwa kwanza kikae mwisho, karibu na mlango wa tela. Magodoro na viti vikaenda mbele, saruji na mahindi vikaenda nyuma. Mdogo wangu akapanda juu ya saruji, ukingoni kabisa.

Katika barabara tambarare tela lilitikisika kidogo, na hakuna aliyejali. Tulipoanza kuteremka mlima, mwendo uliongezeka, na tela likaanza kupiga mkia kulia na kushoto, kila mara kwa upana zaidi. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu. Tela likaisukuma pikapu ubavuni, kisha likapinduka mtaroni. Mdogo wangu yu hai, namshukuru Mungu, lakini anachechemea hadi leo.

Siku ile wapo waliolaumu upepo, wapo waliomlaumu dereva, na wapo waliosema ni mkosi. Hakuna aliyeniuliza saruji niliiweka wapi. Ndugu zangu, neno langu la leo ni hilo moja: tela linaloyumba barabarani, mara nyingi limeanza kuyumba lilipokuwa likipakiwa.

Tazameni tela hili lililo mbele yetu. Mafundi wamezuia magurudumu yake kwa mawe. Gunia moja la mahindi liko nyuma ya ekseli. Namwomba kijana mmoja asogee, auinue mkono wa tela, yaani chuma hiki kirefu kinachofungwa kwenye gari. Mnaona ameuinua kwa mkono mmoja, bila taabu. Sasa gunia lilelile lisogezwe mbele ya ekseli. Mwinueni tena. Safari hii ametumia mikono miwili na kukunja uso. Uzito wa gunia haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali pake.

Tela la ekseli moja ni mizani. Ekseli ndiyo mhimili. Mzigo wa mbele huukandamiza mkono wa tela juu ya gari, na mzigo wa nyuma huuinua. Mkono ukiwa mwepesi, mkia mzito wa tela hupata uhuru wa kuyumba. Kila unapokwenda upande mmoja huvuta sehemu ya nyuma ya gari upande wa pili. Katika mwendo mdogo, msuguano wa matairi na barabara huutuliza mchezo huo. Mwendo ukiongezeka, kila yumbo huzaa yumbo kubwa kuliko lililotangulia, hadi dereva asiwe tena mwenye gari.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuweka vitu vizito mbele kidogo ya ekseli, chini, na katikati ya upana wa tela, kisha kuvifunga kwa kamba visihame. Takriban 60% ya uzito wa mzigo ikae mbele ya ekseli. Vitu vyepesi ndivyo viende nyuma. Kama kuna mzigo wa kushushwa njiani, ni heri kutumia dakika kumi kupanga upya baada ya kushusha kuliko kuupakia kwa kufuata urahisi wa kushusha.

Kanuni ya pili ni kupima. Kwa gari dogo au pikapu, uzito unaokandamiza kiungio uwe kati ya 10% na 15% ya uzito wote wa tela pamoja na mzigo wake. Tela lenye jumla ya kilo 800 linapaswa kukandamiza kwa kilo 80 hadi 120. Mizani ya kupimia mazao inatosha. Simamisha tela mahali tambarare, zuia magurudumu, weka kipande cha gogo juu ya mizani kifikie kimo cha kiungio cha gari, laza ncha ya mkono juu yake, kisha toa uzito wa gogo. Soma pia kitabu cha gari lako: ikiwa kiwango kinachoruhusiwa ni kidogo kuliko hesabu hiyo, punguza mzigo. Mkono mzito kupita kiasi nao ni hatari. Gari huchuchumaa nyuma, taa hutazama juu, na usukani huwa mwepesi. Kwa trekta na pawatila viwango ni vingine, na vifuatwe vya mtengenezaji, lakini kanuni ya kutolundika mzigo nyuma haibadiliki.

Wanaobeba maji wakumbuke kwamba lita 1,000 ni kilo 1,000, na kwamba tangi lililojaa nusu husukasuka na kuhamisha uzito kila kona. Na wanaopenda kuketi ukingoni mwa tela, kama alivyoketi mdogo wangu, wajue kwamba wao wenyewe ni mzigo wa nyuma, tena ndio wa kwanza kurushwa. Tela si chombo cha abiria.

Je, tela likiyumba, tutatambuaje chanzo chake? Mafundi wamenifundisha maswali manne.

Swali la kwanza: basi likikupita, tela hutikisika mara moja au mbili kisha likatulia, au mtikisiko hukua? Ukitulia, ni msukumo wa hewa tu. Ukikua, tazama mpangilio wa mzigo na mwendo wako.

Swali la pili: je, tela huegemea au huvuta upande mmoja daima? Hapo pima upepo wa matairi yote yakiwa ya baridi, tazama kama springi imevunjika au ekseli imepinda, na kama mzigo umelalia upande huo.

Swali la tatu: je, unasikia mgongano kwenye kiungio unapoondoka na unaposimama? Kagua pini iliyolika au kifungio kilicholegea. Kwa viungio vya mpira wa chuma, hakikisha ukubwa unalingana; kuna mipira ya milimita 50 na mingine ya karibu milimita 48, na kifungio cha ile mikubwa hucheza juu ya ile midogo. Mnyororo wa usalama ufungwe daima.

Swali la nne: baada ya mwendo mfupi, je, kitovu cha gurudumu moja ni cha moto kuliko cha pili? Sogeza kiganja karibu bila kugusa. Joto hilo linaashiria beringi iliyochakaa au breki inayong'ang'ania. Tikisa gurudumu, na ukague nati zake.

Sasa nije kwenye dakika yenyewe ya hatari. Tela limeanza kupiga mkia nawe uko kwenye usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu. Shika usukani kwa mikono miwili, uuelekeze mbele, wala usishindane na kila yumbo, kwa maana mikono yako huchelewa na hatimaye huliongezea tela nguvu. Usikanyage breki ya gari kwa ghafla, kwani tela litaisukuma sehemu ya nyuma ya gari na vyote viwili vitajikunja. Usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha. Kama tela lina breki zake zinazoendeshwa peke yake, zitumie polepole. Likitulia, tafuta mahali salama, simama, ushuke upange mzigo upya. Asikudanganye mtu kwamba utafika polepole hivyohivyo. Mteremko ulio mbele hautakusubiri.

Kwenye miteremko, gia ndogo iingizwe kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Na tunapopita vijijini kwenye alama ya kilomita 50 kwa saa, tukumbuke kwamba kiwango hicho ni cha juu kabisa. Mwenye tela lililojaa, kwenye barabara yetu ya vumbi na makorongo, ana kila sababu ya kwenda chini yake.

Ndugu wananchi, husemwa kwamba ajali haina kinga. Ajali ya namna hii kinga yake tumeiona leo kwa macho, nayo ni gunia moja kusogezwa hatua mbili. Haihitaji fedha wala vipuri kutoka mbali. Inahitaji mpakiaji aulizwe swali ambalo mimi sikuulizwa. Nawaomba basi, kabla ya kila safari, dereva amgeukie aliyepakia, hata kama ni mtoto wa nyumbani, amwulize: kizito umekiweka wapi?