Swala wa Ziada Aende Wapi?

Msikilizaji, ukitoka Bunju kwenda Mabwepande unalikaribia Pori la Akiba Pande, msitu mdogo uliopandishwa hadhi mwaka 1990. Leo umebanwa na viwanja, bodaboda na mafungu ya matofali. Hapo huwezi kumwaga pundamilia waliozidi kwingine. Malisho ni kidogo, na jirani ana matuta ya mchicha. Kuwauza nje wakiwa hai nako kulizuiwa 2016. Zikaja kanuni za 2020, zikaruhusu bucha za nyamapori. Mimi naziunga mkono, ila kwa sharti: mteja wa Temeke akipimiwa kilo yake ya nyumbu, adai risiti. Nyama ya leseni na ya mtego, zikishaning'inia kwenye ndoano, zinafanana rangi.