Tezi Hazipakwi

Hotuba za Siku ya Kifua Kikuu (TB) Duniani, Machi 24, mmezisikia. Takwimu mmesomewa, fulana mmeziona, na wimbo ni ule ule: ukikohoa wiki mbili, nenda kapime. Sawa. Sasa mtoto wa miaka miwili asiyekohoa, mwenye tezi shingoni, yeye kaambiwa nini?

Hajaambiwa kitu. Anapakwa.

Tezi huanza ndogo kama harage, chini ya taya. Haina joto wala haimlizi mtoto, kwa hiyo hakuna anayeharakisha. Wiki zinapita, zinaota tezi nyingine, ngozi ya juu inaiva rangi ya zambarau, inalainika, inapasuka, usaha mwembamba unachuruzika. Kidonda kinafunga, kinafumuka tena pembeni. Muda wote huo anapakwa. Krimu ya duka la dawa, anapakwa. Unga wa mizizi baada ya kuchanjwa wembe, anapakwa. Mwingine ana baka jekundu shavuni linalotambaa mwezi hadi mwezi. Likaitwa fangasi, likapakwa.

Si kila tezi wala kila baka ni TB, ndiyo maana kuna vipimo. Ila TB yenyewe haiponi kwa kupakwa. Tulishasema, na leo tunasema tena: haiponi kwa kupakwa.

“Lakini alichomwa chanjo ya BCG.” Ndiyo, ila inayokingwa zaidi ni TB ya ubongo na ile inayosambaa mwili mzima; bado anaweza kuugua. Na kile kidonda kidogo kinachoota mahali pa sindano wiki chache baada ya chanjo ni cha kawaida, kiacheni. Hicho nacho, ajabu, kinapakwa!

Kinachotuuma zaidi ni hili. Mwenye kidonda anakatazwa kucheza na wenzake, huku aliyemwambukiza amempakata. Mtoto huyu kwa kawaida amevuta hewa ya mtu mzima anayekohoa humo humo ndani: babu, mjomba, dada wa kazi. Mtoto anafichwa, mkohoaji anaandaliwa chai.

Dawa zipo, bure, katika vituo vya serikali. Vidonge vya watoto vinayeyuka kwenye maji na vina ladha ya matunda. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza miezi 4 badala ya 6 kwa watoto wenye TB isiyo kali, ya tezi za shingoni ikiwemo. Makohozi ya kupima hayatoki? Choo chake kinapimika, na tezi huvutwa majimaji kwa sindano.

Basi, mama, baba, pitisheni vidole shingoni mwa mtoto leo jioni. Tezi imemaliza mwezi haijanywea? Zahanati kesho, si duka la dawa! Muuza dawa, usimuuzie mzazi tyubu ya nne, mwelekeze! Tabibu, usiandike krimu kabla hujauliza nani nyumbani anakohoa! Na wewe unayekohoa, usimsindikize mtoto kwa macho. Panga naye foleni, mpimwe wote wawili.