Neno Tamaa na Bweni la Wasichana Wetu



Tulipotaja bweni la wasichana, wapo waliosema, "Hawa wa Dar wana tamaa." Neno hilo tulitazame pamoja.

Methali inaonya: tamaa mbele, mauti nyuma. Sisi watu wa mpakani tunaijua tamaa hiyo. Ni mzigo wa njia za panya na mkopo wa lori uliochukuliwa bila kupiga hesabu. Lakini mtu akiacha kujaribu tunasemaje? Amekata tamaa. Hapo tunamhurumia, tunamsihi asiikate. Neno ni lile lile: kuna tamaa ya kujilimbikizia, na kuna tamaa ambayo ni matumaini.

Miaka ya 1960 Nyerere na Kaunda walitaka reli kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Benki ya Dunia ikasema mradi huo haulipi. Hawakukata tamaa. Walikubaliana na China mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na kufikia 1975 reli ya kilomita 1,860 ilikuwa imetandikwa. Inapita kwetu Tunduma. Hiyo nayo ilikuwa tamaa, na kubwa.

Sisi wahasibu tunazitofautisha kirahisi. Tamaa ya kujilimbikizia inachukia stakabadhi. Tamaa ya matumaini inaidai. Kwa hiyo kila mchango utapewa stakabadhi, fedha zitakaa benki na kutolewa kwa saini tatu, na hesabu za mapato na matumizi zitasomwa mbele yenu mkutano ujao.

Ndugu zetu, wapo mabinti wa shule za kata wanaopanga vyumba mitaani ili wawe karibu na shule. Wanajipikia, wanalala bila mlezi, na nje malori yamepanga foleni usiku kucha. Binti wa kidato cha pili akirudi kijijini kabla ya mtihani, tusiseme hakuwa na akili. Tuseme alikata tamaa, nasi tulikuwepo.

Anayeweza mfuko mmoja wa saruji alete mmoja. Anayeweza bando la bati alete bando. Tukiambiwa tena kwamba tuna tamaa, tuitikie: ndiyo, tunayo, na hatuikati mpaka bweni lipauliwe.