Kuni, Makaa ya Mawe na Bonasi ya Mkulima wa Chai

Viwanda vya chai vya Chinga, Iriaini, Gathuthi na Ragati hapa Nyeri, kama vile vya Kirinyaga, Embu na Meru, haviendeshwi na umeme peke yake. Umeme huzungusha feni na mashine za kusaga. Joto hutoka kwenye boila, na boila hula kuni. Jani bichi ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake, ilhali chai iliyo tayari hubaki na unyevu wa takriban asilimia 3. Ndiyo maana huhitajika kilo nne na ushee za majani kupata kilo moja ya chai. Sehemu ya maji huondoka majani yanaponyaushwa; yaliyosalia hufukuzwa kwa moto, na gharama ya moto huo hukatwa kabla mkulima hajaiona bonasi.

Anayependekeza makaa ya mawe ana hoja: kilo yake moja hushinda kilo ya kuni kavu kwa joto, tena kwa mbali. Lakini Kenya huyaagiza kwa meli, hasa kwa ajili ya viwanda vya saruji, na kutoka Mombasa hadi Nyeri ni zaidi ya kilomita 600. Pesa inayolipia gogo la mkaratusi hubaki Othaya au Mukurwe-ini. Ya makaa ya mawe huvuka bahari. (Kesi ya Lamu, iliyofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe mwaka 2019, haituamulii hapa, kwani ilihusu umeme.) Wengine watauliza kuhusu maji ya mto Gura, ambako wakulima wamejenga mtambo wa megawati 5.8. Ni kazi ya kusifiwa, ila umeme ule ni wa mashine. Kuutwika pia mzigo wa boila ni kuuonea.

Hata hivyo, siwezi kuzitetea kuni kama zinavyochomwa mara nyingi. Kilo ya gogo lililokatwa jana hutoa karibu nusu tu ya joto la kilo iliyokaushwa vizuri, kwa kuwa moto huanza kwa kuchemsha maji ya gogo lenyewe. Matokeo yake miti mingi zaidi huanguka, na mikaratusi hupandwa hadi kwenye chemchemi. Kiwanda kinachonunua kuni kwa mita za ujazo bila kupima unyevu humlipa sawa aliyekausha na asiyekausha. Nani basi atajisumbua? Bei ifuate ukavu. Nitaambiwa kwamba mwenye shamba dogo anadaiwa karo na hawezi kungoja miezi sita gogo likauke. Ni kweli, lakini jibu analo tayari kwenye chai yake: hulipwa kiasi kila mwezi, salio likaja kama bonasi. Kuni nazo zilipiwe sehemu zikifika, na sehemu ya pili zikishapimwa na kuingia boila.