Somo la 12: Mjane Si Sehemu ya Urithi



Katika somo lililopita tulieleza Sakramenti ya Ndoa, na ahadi ambayo bwana na bibi hupeana mbele ya Mungu. Leo tutatazama jambo ambalo wengi huogopa kulisema kwa sauti: bwana akifariki, bibi yake ni wa nani? Nyumba ni ya nani? Na watoto je?

Kwanza tuwasimulie jambo tuliloliona kwa macho yetu.

Miaka iliyopita tuliketi katika matanga ya Mkristu mmoja. Tulimzika vizuri, tukaimba, tukasali rozari usiku tatu. Siku ya nne wazee wa ukoo walikusanyika chini ya mwembe ili kuhesabu mali ya marehemu. Mzee mmoja akahesabu kwa vidole: “Baiskeli moja. Cherehani moja. Mbuzi watano. Mabati kumi na manane. Shamba la mihogo. Na huyu mwanamke.” Hakusema kwa hasira wala kwa dharau; alisema kama mtu ahesabuye magunia. Mjane alikuwa ameketi mkekani, hatua chache tu kutoka pale, na mtoto mchanga mgongoni. Akasikia amehesabiwa baada ya mihogo.

Sisi makatekista tulikuwapo, rozari mikononi, tukanyamaza. Kabla jua halijatua cherehani ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, nayo mama yule aliinunua mwenyewe kwa kuuza maharage yake misimu miwili. Kunyamaza kwetu siku ile ndiko kunakotusukuma kunena leo.

I. Desturi ya wazee ilikuwa na shabaha gani?

Tusiwadharau wazee wetu. Hawakuwa watu wapumbavu, wala hawakuwachukia wajane. Kwa makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, kama vile Bashi wa Kivu, ndugu wa marehemu alimtwaa mjane ili asikose wa kumlimia na wa kumjengea, na ili watoto wasitawanyike. Kwa makabila yanayofuata ukoo wa mama, kama vile Babemba wa Katanga, mrithi alitoka upande wa mama wa marehemu, akashika jina lake na nafasi yake. Zamani zile hapakuwa na duka, wala mshahara, wala mahakama ya serikali. Mtu asiye na ukoo alikuwa kama mti usio na mizizi. Basi desturi ile ilikuwa ukuta wa kumkinga mjane.

Lakini tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Ndugu wengi wa siku hizi huja matangani na kamba ya kufungia mizigo. Huchukua baiskeli, huchukua redio, hung'oa hata mabati juu ya vichwa vya watoto. Kisha waulizeni: karo ya watoto atalipa nani? Mtoto akishikwa na homa, nani atampeleka zahanati? Hapo kila mmoja hutazama chini. Mali wameipokea, mzigo wameukataa. Hii si desturi ya wazee tena. Ni unyang'anyi uliovaa nguo za wazee.

Tena magonjwa yamebadilika. Siku hizi tunajua ukimwi. Mjane akilazimishwa kulala na mtu ili “kutakaswa” kifo cha mumewe, au akitwaliwa na shemeji pasipo wote wawili kupimwa damu, kifo kimoja chaweza kuzaa vifo vingine katika nyumba mbili.

II. Neno la Mungu lafundisha nini?

Wengine hutujibu: “Lakini Musa mwenyewe aliamuru ndugu amwoe mjane wa nduguye!” Ni kweli, imo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25. Lakini someni vizuri. Sheria ile ilimhusu mtu aliyekufa bila mwana, ili jina lake lisifutwe. Haikumpa ndugu ruhusa ya kumvua mjane mali yake. Tena ndugu akikataa wajibu wake, ni mjane aliyekwenda mbele ya wazee langoni kumshitaki, na wazee walimsikiliza. Alikuwa mtu mwenye kinywa na mwenye haki.

Mkumbukeni pia Ruthu, mjane wa Moabu. Hakuna aliyemhesabu pamoja na ng'ombe. Yeye mwenyewe alichagua kumfuata mama mkwe wake, akaokota masuke kwa mikono yake, na yeye mwenyewe akamwendea Boazi. Naye Boazi alilikomboa shamba la marehemu, si ili alipeleke kwa jina lake, bali ili jina la marehemu lidumu katika urithi wake.

Tukija katika Agano Jipya, Bwana wetu aliwakemea waalimu wa sheria waliosali sala ndefu huku wakimeza mali za wajane. Na sisi tuliosali rozari usiku tatu tukanyamaza siku ya nne, je, neno hilo halituhusu? Mtakatifu Paulo naye, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 7, afundisha wazi kwamba mume akifa, mke yu huru. Aweza kuolewa na amtakaye, mradi iwe katika Bwana. Na aweza pia kukaa alivyo.

III. Eklezya yafundisha nini?

Eklezya yafundisha kwamba ndoa huzaliwa kwa mapatano ya hiari ya wawili. Hakuna mtu duniani, awe baba, awe mjomba, awe chifu, anayeweza kusema “nakubali” mahali pa mwingine. Na kifungo cha ndoa hukatwa na mauti. Basi mapatano ambayo mama yule alimpa bwana wake hayahami kwenda kwa shemeji kama baiskeli.

Je, shemeji hawezi kamwe kumwoa mjane wa nduguye? Tusizidishe. Katika sheria ya Eklezya ya mwaka 1917 ndoa ya namna hiyo ilihitaji ruhusa ya pekee. Katika sheria ya mwaka 1983 kizuizi hicho cha shemeji kimeondolewa. Basi ikiwa shemeji hana mke, na mama mwenyewe anapenda kwa moyo wake, na waende wote wawili kwa padri. Lakini shemeji aliyekwisha kufunga ndoa takatifu akimtwaa mjane, ameingia katika ndoa ya wake wawili. Atajitenga na Meza ya Bwana. Na mjane aliyelazimishwa atakuwa ametwishwa msalaba ambao si Kristu aliyemtwisha.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1965 juu ya Eklezya katika ulimwengu wa leo, ulisikitika kwamba mahali pengi mwanamke bado ananyimwa haki ya kuchagua mume kwa hiari au kuchagua hali yake ya maisha. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1963, Papa Yohane wa 23 alikuwa ameandika kwamba wanawake wanazidi kuitambua heshima yao ya kibinadamu, na hawakubali tena kutumiwa kama kitu. Basi jambo hili si fitina iliyoletwa na watu wa mjini. Ni fundisho la Eklezya.

Na mahari? Wengine humwambia mjane: “Sisi tulikulipia, wewe ni mali yetu.” Ndugu, mahari si bei. Bei hulipwa sokoni, kisha mwuzaji na mnunuzi hawajuani tena. Mahari huunganisha koo mbili, ili zijuane katika ndoa na katika matanga. Ikiwa mbuzi wale walileta undugu, basi undugu huo uonekane siku ya msiba.

IV. Sheria ya nchi yasemaje?

Yapo mambo ambayo kila Mkristu apaswa kuyajua, kwa kuwa ujinga ni mlango wa wanyang'anyi.

Tangu tarehe 1 Agosti 1987 nchi yetu ina Sheria ya Jamaa, ambayo wengi huiita Kode ya Familia. Sheria hiyo yaagiza kwamba kila anayeoa na kila anayeolewa akubali yeye mwenyewe. Katika urithi yawaweka watoto mbele: kwa kawaida robo tatu ya mali ya marehemu ni yao, nao hugawana sawasawa, wa kike kama wa kiume. Robo inayobaki yawahusu mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Mwaona kwamba ukoo haukusahauliwa. Lakini ukoo haukupewa vyote.

Tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyokaa na bwana wake na kutumia vyombo vya nyumbani. Akiolewa tena na kumleta bwana mpya katika nyumba hiyo, hapo haki hiyo hukoma, isipokuwa warithi wamekubali. Na kumbukeni neno hili: mali ambayo wawili waliipata pamoja katika ndoa ni ya wote wawili, isipokuwa kama walichagua mpango mwingine walipooana. Sehemu ya mama haiingii katika urithi hata kidogo. Cherehani ile haikuwa ya kuhesabiwa chini ya mwembe.

Sheria hiyo ya 1987 yenyewe ilikuwa na upungufu wake. Ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na ilimtaka mke kuomba ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya mapatano ya kisheria. Tarehe 15 Julai 2016 ilisahihishwa: sasa miaka ni 18 kwa wote wawili, na lile sharti la ruhusa limeondolewa. Hata sheria za serikali hujifunza. Je, desturi za kijiji zisijifunze?

Lakini sheria haitembei kwa miguu yake mpaka kijijini. Mama asiye na karatasi hupata taabu kubwa kuthibitisha kwamba aliolewa.

V. Basi, tufanye nini?

Ninyi akina baba mlio hai: andikisheni ndoa zenu katika ofisi ya serikali inayoandika ndoa na vizazi. Ndoa ya kijijini iliyofungwa kwa mahari nayo huandikishwa. Andikisheni watoto pia. Wekeni cheti mahali ambapo mama anapajua, wala msiseme, “Ndugu zangu ni watu wema.” Marehemu wengi walisema hivyo.

Ninyi akina mama: jueni mali ya nyumba yenu, na mhifadhi karatasi za vitu mlivyonunua. Msiposikilizwa na ukoo, nendeni kwa padri au kwa katekista, na ikibidi mpaka mahakamani. Kudai haki ya watoto wako si kukosa adabu. Tena wengine wenu ni mawifi. Wifi ndiye afunguaye sanduku la mjane kwanza, akisahau kwamba naye huenda akawa mjane kesho.

Ninyi wazee: hatuwaombi muivunje desturi. Twawaomba muirudishe katika shabaha yake. Siku ya matanga, kabla hamjauliza “Marehemu ameacha nini?”, ulizeni “Marehemu ameacha nani?”

Nasi makatekista tuna deni letu. Tulimwendea yule mzee baadaye kumweleza kwamba jambo lile lilikuwa kosa. Alitusikiliza kwa utulivu mpaka mwisho, kisha akatuuliza: “Kama ni dhambi, mbona ninyi watu wa Mungu mliketi kimya?” Hatukuwa na jibu. Cherehani haikurudi. Tangu siku ile tumekata shauri: mahali tulipoalikwa kusali kwa ajili ya marehemu, tutasema pia kwa ajili ya waliobaki.

Maswali ya kukariri pamoja

Swali: Mume akifa, mke ni wa nani?
Jibu: Ni wa Mungu aliyemwumba, naye yu huru; aweza kuolewa tena kwa hiari katika Bwana, au kukaa alivyo.

Swali: Je, mahari yamfanya mwanamke kuwa mali ya ukoo wa mume?
Jibu: Hapana. Mahari ni alama ya undugu wa koo mbili, si bei ya mtu.

Swali: Anayewanyang'anya mjane na yatima avunja amri gani?
Jibu: Avunja amri ya saba, maana ameiba, tena amekosa upendo kwa wale ambao Mungu mwenyewe ajiita mlinzi wao. Hapaswi kutubu kwa maneno tu, bali arudishe alichochukua.

Azimio la juma hili

Kila jamaa imtembelee mjane mmoja wa kijiji. Msiende mikono mitupu, na msiende kumhubiria. Mwulizeni kama mvua yaingia nyumbani, na kama watoto waenda shule. Kisha fanyeni mnaloweza.

Tusali. Ee Bwana Yesu, ulimhurumia mjane wa Naini kabla hajakuomba neno lolote. Tupe macho ya kuwaona wajane wa vijiji vyetu, na ulimi wa kusema siku inayopasa kusema. Mama Maria, uliyesimama chini ya msalaba ukakabidhiwa kwa mwanafunzi ili utunzwe, utuombee. Amina.

Twawaaga, ndugu wapendwa. Katika somo lijalo tutanena juu ya malezi ya yatima. Kaeni na amani ya Kristu.